Santuri ya Mzee Maganga

Fredrick alikuwa na ugonjwa wa hotuba. Ukimpa mwiko asonge ugali, ataushika kama kipaza sauti. Kwa hiyo asubuhi ile ya ibada ya jumuiya, pale nyumbani kwao Somanda, dada yake Milembe hakushangaa kumkuta amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, suti mwilini, nyundo mkononi, anapigilia misumari ya kushikia waya huku akiuhutubia ukuta.

"Leo Bariadi itajua," alisema. "Nimechoka kusikia watu wanamwita baba Mzee Santuri huku wanacheka pembeni. Leo watafunga midomo."

"Shuka, utavunjika. Nitauguza wawili?"

Mmoja alikuwa akimuuguza tangu msimu wa kupanda. Kiharusi kilimkuta Mzee Maganga kwenye matuta ya pamba, kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote. Mtu ambaye sauti yake nzito yenye mkwaruzo ilikuwa ikitikisa mabenchi ya kanisani, sasa alibakiwa na "eee" moja tu. Eee hiyo hiyo ya kukubali, ya kukataa, ya kuomba maji na ya kufukuza nzi. Milembe, mjane aliyekuwa akiuza mchele sokoni, alifunga meza yake akarudi kwa baba, akajifunza kuzitofautisha hizo eee kama mama anavyojifunza vilio vya kichanga. Nyingine zilimshinda.

Hilo jina la Santuri lilikuwa na asili yake. Ujanani Mzee Maganga alisoma Mwanza, na huko yeye na wenzake walianzisha bendi ya magitaa ya umeme, wakaiita Capri Boys, suruali chini pana kama sketi. Mwaka sitini na tisa walikwenda Nairobi wakarekodi santuri nzima, pande zote mbili. Baadaye bendi ikavunjika, rafiki yake mkubwa Selestini akafa na homa, na Maganga akarudi Bariadi kufanya kazi kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Santuri yenyewe, nakala yake pekee, aliisahau juani juu ya lori la marobota. Ikajikunja kama chapati. Watoto wake hawakuwahi kuisikia. Waliisikia kwa mdomo tu, kwenye kila harusi na kila matanga: "Mimi niliimba kwenye santuri, wanangu. Sauti yangu imehifadhiwa."

Maneno hayo si ya kumwambia manju wa Kisukuma, mtunzi na kiongozi wa ngoma, na jirani yao Mzee Sayi alikuwa manju wa Wagalu. Baada ya mavuno, Wagalu na Wagika hushindana kwa ngoma, pande mbili zikicheza uwanja mmoja, wakati mmoja. Hakuna jaji wala kombe. Watu wenyewe ndio hukumu: yule wanayemhamia na viti vyao, ndiye mshindi. Mzee Sayi alihamiwa na watu miaka mingi, na kila mara alipomwalika Maganga aje aimbe, Wagalu au hata Wagika, mwenzake alimjibu kuwa sauti yake imekwisha kuhifadhiwa, haina haja ya kugombania watu vumbini. Sayi hakulisahau jibu hilo. Hata akija kwa Maganga kunywa togwa, alikuja na kigoda chake na kukaa nacho mbali, karibu na geti.

Sasa, Precious, binti wa Fredrick aliyeko Dar es Salaam, alikuwa ameona kwenye simu kwamba kampuni moja ya Ulaya imeitoa upya ile santuri kwa sidii. Akaiagiza, akaituma kwa basi. Ganda lake lilikuwa na picha ya vijana watano na majina ya nyimbo. Majina ya watu hayakuwamo. Familia ilikubaliana kuwa wa mwisho kushoto ndiye baba, kwa sababu ya masikio.

"Tuijaribu kwanza," Milembe alisema ilipofika.

"Zawadi haifunguliwi jikoni," Fredrick akamjibu. "Itafunguliwa mbele ya watu."

Deki ilikaa sebuleni. Spika zilikuwa mbili. Moja Fredrick aliitundika barazani, ikitazama uani ambako wageni wangekaa. Ya pili ilikuwa shauri la Milembe. Baba hakutaka kuonekana na watu. Udenda ulimtoka upande wa kulia, na mara ya mwisho wanajumuiya walipomtazama sana aligeukia ukutani mpaka walipoondoka.

"Mpe naye spika yake chumbani," Milembe aliomba. "Asikie akiwa kitandani, mlango umefungwa, bila kutazamwa."

Fredrick akavuta waya hadi kando ya kitanda. Wote wawili waliona wamefanya jambo la akili sana.

*

Rozari ilisaliwa kwa haraka kuliko kawaida, maana Apolonia, mwenyekiti wa jumuiya na jirani wa ukuta kwa ukuta, naye alitaka kusikia. Fredrick alisimama, akahutubia mpaka chai ikapoa, kisha akaingia sebuleni kubonyeza.

Magitaa yakalia. Ngoma ikafuata, ya haraka, ya kurukaruka. Vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wakipita walipunguza mwendo. Kisha mtu akaimba.

Sauti ilikuwa nyembamba, laini, tamu, ya kijana anayeweza kubembeleza hata mbuzi. Watu wakatazamana. Milembe alisimama na birika mkononi akingoja. Labda baba ataingia ubeti wa pili. Ubeti wa pili ukaja, sauti ikawa ile ile.

"Ndiye huyu?" mama mmoja aliuliza.

"Labda alikuwa hajabalehe," mwingine akajibu, na kicheko kidogo kikapita chini ya viganja.

Fredrick akaruka wimbo wa kwanza, akaweka wa pili. Sauti nyembamba. Wa tatu, nyembamba. Tabasamu lake lilikuwa bado liko usoni lakini lilikuwa limesahauliwa pale, hakuna aliyekuwa akilitumia. Kule getini Mzee Sayi aliegemeza kidevu kwenye fimbo.

"Mbona kijana huyu anaita halafu ananyamaza?" aliuliza kwa sauti ya kusikika. "Anaita, ananyamaza. Kama mtu anayepiga hodi nyumba ya waliohama. Na Maganga yuko wapi humu? Au ndiye aliyekuwa anabeba magitaa?"

Safari hii kicheko hakikujificha. Walicheka hata waliompenda mzee, na Milembe mwenyewe alihisi mdomo wake unataka kucheka kwa hofu, akauuma.

Mtu mwenye busara angezima deki akagawa maandazi. Fredrick alizima deki, kisha akahutubia.

"Ndugu zangu, naomba radhi. Sisi watoto tulimwamini mzee wetu. Mzazi akikuambia jambo, utafanyaje? Uzee una mambo yake. Labda alitamani sana, hata akaamini. Naomba msamaha kwa niaba ya familia, kwa kuwapotezea muda, na jambo hili la santuri tulizike leo hapa hapa."

Aliyasema hayo akiwa amesimama hatua chache kutoka dirisha la chumba cha baba yake, na dirisha, ingawa lilifungwa asitazamwe, halikuzuia maneno.

Mzee Sayi alianza kuimba, taratibu, wimbo wake mwenyewe wa kumkejeli mtu aliyejisifia ng'ombe asiokuwa nao. Mama mmoja akaitikia, na mwingine. Kisha viti vikaanza kusogea. Milembe alivitazama vile viti vya plastiki vya kukodi vikiondoka barazani kimoja kimoja kuelekea getini, na moyo ukamuuma kana kwamba vinaburuzwa juu yake.

*

Alipofungua mlango wa chumbani alimkuta baba yake ameloa machozi. Shingo, mto, kola ya shati. Mkono wa kushoto ulikuwa umenyooka unaonyesha ukuta.

"Baba, usiwasikilize."

"Eee!" Kidole kilikuwa ukutani.

Hii ilikuwa eee ambayo Milembe hakuwahi kuisikia. Akafungua dirisha. Mzee akakasirika, akapiga godoro. Akalifunga. Akapiga tena. Akamletea rozari iliyotundikwa kwenye ukuta ule, mzee akaitupa chini, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Akamletea picha ya marehemu mama, iliyokuwa imetundikwa karibu na rozari. Mzee aliitazama, akafumba macho kwa uchovu, akaonyesha ukuta tena.

"Unataka nimfukuze Sayi?"

"Eee."

"Unataka kwenda nje?"

"Eee." Lakini kwa namna ya mtu aliyekata tamaa na mwanafunzi mzito.

Fredrick alichungulia mlangoni. "Anasemaje?"

"Sijui! Anaonyesha ukuta."

"Ni aibu," Fredrick alisema kwa upole. "Muache. Anataka kuugeukia ukuta apumzike."

Wakamgeuza. Mzee alilia kwa sauti, akiwa ameelekezwa uso kwa chokaa, na wao wakatoka kwa kunyata wakidhani wamemheshimu.

Jioni alikataa uji. Kesho yake akakataa uji na maziwa. Milembe alikibembeleza kijiko, mzee akabana meno. Ile spika kando ya kitanda hakutaka hata kuitazama, ila kila alipopata nguvu alinyoosha kidole ukutani. Daktari aliyekuja kumwona alipima, akasema moyo hauna tatizo jipya. "Lakini mama, asipokula mumlete alazwe. Mwili huu hauna akiba."

Milembe alikaa mlangoni akichambua mchele ambao hakuna aliyekuwa na hamu ya kuula. Alichanganyikiwa. Baba alikuwa mwongo? Mtu huyu aliyerudi nusu ya njia ya Maswa kwa miguu kumrudishia mchuuzi mwavuli aliousahau? Na kama si mwongo, yule kijana mwembamba wa sauti ni nani, na baba yuko wapi? Masikio yale kwenye picha yalikuwa yake. Lakini masikio hayaimbi. Mara alimhurumia, mara alimkasirikia, mara alijikasirikia kwa kumkasirikia mgonjwa. Alitamani hata Sayi angekuwa mbaya zaidi, amchukie vizuri. Lakini asubuhi ile Sayi alipita getini.

"Mhola, mayu?"

"Mhola duhu," Milembe alijibu, ingawa hali haikuwa mhola hata kidogo.

"Anakula?"

"Hali."

Mzee Sayi alisimama kidogo na fimbo yake. Alionekana kama mtu aliyeshinda ngoma akakuta hakuna wa kumwonyesha. Akaenda zake.

*

Fredrick alikuwa amerudi Sola, kwenye shule yake ya msingi anakofanya kazi ya mwalimu mkuu. Akapiga simu.

"Dada, ile sidii itoe kwenye deki, uitume kwa basi. Precious amwambie aliyemuuzia kuwa haina maana. Sitaki baba aione."

Milembe alikwenda sebuleni. Deki haikufungua mdomo mpaka iwashwe. Akaiwasha, akabonyeza alipodhani ni pa kufungulia, na wimbo ukaanza. Akabonyeza tena, ukalia kwa nguvu zaidi. Alikuwa akihangaika na vitufe aliposikia kitu kilichomsimamisha nywele.

Baba yake alikuwa anaimba.

Alikimbia. Alisukuma mlango karibu aung'oe. Mzee Maganga alikuwa amelala chali, mdomo umefungwa kabisa, machozi yanamtiririkia masikioni. Na sauti yake ilikuwa mle chumbani. Ilikuwa changa, ina nguvu za ujana, lakini ilikuwa ile ile nzito yenye mkwaruzo, iliyomwita Milembe kutoka shambani miaka yote ya utoto. Iliimba mstari mmoja, ikanyamaza. Gitaa la besi likatembea peke yake. Ikaimba mstari mwingine, ikanyamaza.

Milembe alifanya ishara ya msalaba. Kisha akatoka mbio hadi uani, maana alitaka kuwa mahali penye mwanga na watu. Na kule uani, kwenye spika ya barazani, alikuwa akiimba yule kijana mwembamba.

Akasimama. Akarudi chumbani: baba. Akatoka uani: kijana. Akarudi: baba. Akatoka. Wimbo ulikuwa mmoja, ngoma ileile, lakini mtu alikuwa mwingine. Apolonia alikuwa akianika unga upande wa pili wa ukuta mfupi, akaacha kazi akimtazama jirani yake anavyoingia na kutoka kama kuku mwenye yai.

"Mayu, umeibiwa nini?"

"Njoo usikilize hapa! Nani huyu?"

"Yule yule wa juzi."

"Haya, ingia chumbani. Nani huyu?"

Apolonia akaingia akiwa na ungo. Akasikiliza. Akaweka ungo chini, akaketi juu ya kitanda cha mgonjwa bila kuombwa. "Yesu na Maria," alisema. "Maganga huyo. Maganga mwenyewe!"

Milembe alimpigia Precious, akajaribu kueleza, akaeleza vibaya, akaanza upya.

"Aaa, shangazi!" Precious alisema. "Zamani ndivyo walivyorekodi. Waliwagawa. Sauti hii spika ya huku, ile spika ya kule. Ukae katikati ndipo unasikia wote. Kwani ninyi mliziweka wapi?"

Milembe alikuwa anamtazama baba yake, na kidole chake, na ukuta. Nyuma ya ukuta ule ilikuwa baraza. Barazani ilikuwa spika.

Basi siku ile ya ibada, watu walipokuwa uani wakisikia kijana anayeita asiitikiwe, mzee alikuwa chumbani peke yake, mlango umefungwa kwa heshima, akijisikia mwenyewe anaitikia mtu asiyekuwapo. Alingoja miaka hamsini na zaidi kumsikia tena Selestini, mwenye ile sauti nyembamba. Wakamletea wimbo, wakamwondoa Selestini ndani yake. Kwa mbali, nyuma ya ukuta, alimsikia akiita, kisha akasikia watu wanacheka, kisha akamsikia mwanawe anaomba radhi. Na yote aliyoweza kusema ni eee.

"Nisaidie tuishushe," Milembe alimwambia Apolonia.

Waliileta spika ya uani, wakaiweka upande wa pili wa kitanda. Wimbo ukaanzishwa upya. Kijana mwembamba akaita kutoka kushoto, kijana mzito akaitika kutoka kulia, wakakutana juu ya mto wa mgonjwa. Ule mkono uliokuwa ukionyesha ukuta ulishuka taratibu ukalala kifuani.

Milembe alileta uji. Mzee akafungua mdomo.

*

"Ulimzika baba akiwa hai," Milembe alimwambia Fredrick siku aliyokuja. Alikuwa amempokea mlangoni na hakumpisha kupita.

"Dada, ningejuaje? Hata wewe ulisikia. Na spika ya chumbani nani aliishauri?"

"Mimi. Nami nimekwisha piga magoti. Sasa wewe."

Fredrick aliingia chumbani, akakaa kwa baba muda. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, lakini ulimi wa mwalimu mkuu ulikuwa umekwisha kupona.

"Nimemwomba radhi. Amenishika mkono. Yameisha."

"Wageni je?"

"Watu wamekwisha sahau. Tukiwaita tena tutaonekana tunabembeleza. Nikasimame mbele ya Sayi niseme nini, kwamba nilikosea kuweka spika? Mimi nafundisha watoto sayansi!"

"Kuomba radhi kwa ajili ya baba uliweza, mpaka chai ikapoa mara ya pili. Ulisema kwa sauti, Fredi. Utafuta kwa sauti."

Alifura, akazunguka uani, akapiga teke ndoo. Mwisho akaenda mwenyewe kwa miguu kuwaita, nyumba kwa nyumba, bila suti.

Walikuja wachache. Wengine walikuwa mashambani, wengine waliona mambo ya wale ndugu hayaeleweki: leo santuri, kesho radhi, kesho kutwa santuri tena. Apolonia alikuja na wale aliowaburuta. Mzee Sayi alikuja na kigoda chake, akaketi getini pale pale.

Milembe aliweka spika mbili barazani, moja huku na moja kule, na kati yake kiti cha mikono. Kisha akaingia kumuuliza baba kama angependa kutoka. Alitegemea kukataliwa. "Eee," mzee alisema, na hii aliielewa mara moja. Wakambeba, yeye na Fredrick, wakamketisha. Udenda ulikuwa ukimtoka. Milembe alinyanyua kitambaa afute, mzee akausukuma mkono wake.

Fredrick alisimama. Watu wakajiandaa kwa hotuba. "Baba yangu hakusema uongo," alisema. "Mimi ndiye niliyekosea, nikamtangaza. Naomba radhi kwake mbele yenu." Akaketi. Hakuna aliyeamini kuwa amemaliza.

Wimbo ukalia, safari hii mzima. Kijana anaita, mwenzake anaitika, na zile hodi za siku ile sasa zilikuwa na mwenye nyumba. Mama aliyesema habari ya kubalehe aliinamisha kichwa. Ulipokwisha, wote waligeuka kumtazama Mzee Sayi, maana ndiye aliyewahamisha na viti vyao siku ile.

"Wimbo mzuri," alimwambia Fredrick. "Lakini ngosha, sauti nzito ziko nyingi duniani. Huyo anayeitika anaweza kuwa mtu wa Musoma, anaweza kuwa Mluo. Jina lake halikuandikwa. Mimi nikiimba, watu wananiona mdomo."

Milembe alihisi ule mvurugo ukimrudia. Alikuwa na hakika, lakini hakika yake ilikuwa ya mtoto kwa baba yake, na hiyo humthibitishii jirani. Angewaonyesha nini? Masikio?

"Eee," alisema Mzee Maganga.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooka. Alionyesha spika ya kulia, ile iliyokuwa kando ya kitanda chake, iliyobeba sauti yake mwenyewe.

"Anataka iongezwe," Fredrick alisema, akainuka.

"Eee!"

"Anataka isogezwe karibu."

"Ngoja," Milembe alisema. Alimtazama baba yake usoni, si kidole. Uso haukuwa na aibu wala huzuni. Ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa amekosa, na jibu analo. Milembe hakuwa na hakika hata kidogo na alichokuwa akikifanya, lakini alikwenda nyuma ya ile spika ya kulia akachomoa waya. Mzee akaushusha mkono.

"Anza tena," alimwambia Fredrick.

Magitaa yakalia, nusu yake. Yule kijana mwembamba akaita kutoka kwenye spika iliyobaki, kisha akanyamaza, kama alivyofanya siku ile mbele ya waliomcheka.

Na Mzee Maganga akaitika.

Haikuwa sauti ya kwenye santuri. Ilikuwa imepasuka, imeelemea upande mmoja kama mdomo wenyewe, na silabi nyingine zilidondoka na udenda. Lakini iliingia pale inapotakiwa kuingia, si kabla wala si baada, na ilikuwa na maneno. Maneno! Mtu ambaye tangu msimu wa kupanda hakuweza kuomba maji, alikuwa akiimba mstari mzima kwa maneno yake. Milembe hakuelewa. Daktari alikuja kumweleza baadaye kwamba kiharusi huweza kuchukua maneno ya kusema kikaacha ya kuimba, na bado hakuelewa. Selestini aliita tena, akiwa na umri wake ule ule, na rafiki yake mzee akamjibu tena.

Apolonia alikuwa analia waziwazi. Fredrick alikuwa amekaa chini sakafuni kama mtoto. Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza, na kule getini Mzee Sayi akainuka, akaegemea fimbo, akashika kigoda chake. Fredrick alidhani anaondoka, akavuta pumzi ili ahutubie. Milembe akamkanyaga mguu.

Mzee Sayi hakutoka getini. Aliuvuka uwanja polepole, kigoda mkononi, watu wote wakimtazama. Akafika barazani, akakiweka kando ya kiti cha Maganga, akaketi.